Binti wa mzee niliyemtunza ananiuzia hazina kwa dola 500. Ninyamaze?

Mjomba, pokea salamu zangu kutoka Lowell, Massachusetts. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Nakuru, nina mke na mtoto mmoja wa kiume. Kama Wakenya wengi wa huku, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kampuni iliyoniajiri ilinipeleka kwa mzee mmoja mgane, nikamwangalia mpaka alipofariki mwezi wa Februari. Nilimwogesha, nilimpikia uji, nilimsomea matokeo ya Red Sox, timu yake ya besiboli, macho yalipomwishia nguvu. Tulizoeana. Kuna Jumapili nilizokuwa nikimpitia bila malipo, kwa kuwa nilijua hana mgeni mwingine.

Sasa nyumba inauzwa. Binti yake, ambaye wosia umemtaja kuwa msimamizi wa mirathi, aliniomba nimsaidie kutoa vitu kwenye besmenti, na akanilipa vizuri kwa kazi hiyo. Nyuma ya tangi la mafuta ya kupasha nyumba joto tulikuta boksi za viatu zilizojaa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya. Zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira ile ya kufungia noti, na mipira yenyewe imekauka hadi ikagandamana na kadi za juu. Kando yake kulikuwa na katoni kubwa za kadi za 1988 hadi 1990, nyingine hata hazijafunguliwa. Hizo zilikuwa za kaka yake binti huyo enzi za ujana wake. Yeye sasa anaishi Arizona. Binti alizitazama akacheka. "Chukua zote ukitaka. Nipe dola 500 za kulipia lori la taka, tumalizane."

Nilimwambia nitamjibu. Lakini Mjomba, kabla hatujafunika boksi la pili nilikuwa nimeshaona kadi moja ya Hank Aaron, nyota wa zamani wa besiboli, akiwa kijana, mandhari ya nyuma yake rangi ya chungwa, na nyuma ya kadi imeandikwa 128. Nikaipiga picha. Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta kwenye simu, usingizi ukapaa. Kuna kadi kama hiyo zilizouzwa kwa bei ya gari, na kuna moja iliyouzwa kwa bei ya nyumba! Na ndani ya boksi lile lile niliona kadi mbili za Ted Williams, nyota mwingine wa zamani.

Binamu yangu wa Dallas anasema nisiwe mjinga: biashara ni kujua kile ambacho mwenzako hakijui, na watu hawa wamekuwa wakinilipa vijisenti kwa kazi ya usiku. Mke wangu anasema hizo pesa hazitatulia ndani ya nyumba yetu. Na kuna jambo jingine. Siku moja mzee akiwa na furaha aliniambia ana kadi zake za utoto huko chini, na kwamba akiondoka zitakuwa zangu. Nilicheka tu. Hakuandika popote.

Jana binti amenitumia ujumbe: "Umeamuaje kuhusu kadi? Unadhani zina thamani yoyote, au nizitupe? Lori linakuja Jumamosi." Sijajibu. Je, nikinyamaza nitakuwa nimetenda kosa? Na nikimwambia, mimi nitabaki na nini?

Mlezi wa Lowell

*

Mpwa wangu, pole kwa kumpoteza mzee wako. Najua huku ugenini watu hudhani mteja akifa mhudumu hubadilishiwa nyumba tu, basi. Kumbe kuna msiba usiotolewa rambirambi.

Tuanze na ule ujumbe, kwa sababu lori halitasubiri mazungumzo yetu. Mjibu leo. Mwandikie kitu kama hiki: "Usitupe chochote. Nimeona kadi za mwaka 1954, na ile ya Hank Aaron huenda ikawa na thamani ya maelfu ya dola. Siwezi kuzichukua kwa 500 huku nikijua hivyo. Ziweke mahali pakavu, mjulishe kaka yako, kisha tutafute mtu wa kuzikadiria." Ukishatuma, rudi tuendelee.

Umeuliza kama kunyamaza ni kosa. Hadi juzi tungeweza kubishana. Lakini jana uliulizwa waziwazi, na sasa ukijibu "sijui" utakuwa umesema uongo.

Sheria ya Marekani yenyewe ina kesi ya zamani sana juu ya jambo hili, Laidlaw dhidi ya Organ, ya mwaka 1817. Mfanyabiashara mmoja wa New Orleans alipata mapema habari kwamba vita kati ya Marekani na Uingereza vimekwisha, akawahi kununua tumbaku nyingi kabla bei haijapanda. Muuzaji alikuwa ameuliza kama kuna habari yoyote ya kupandisha bei, naye hakuambiwa. Jaji Mkuu John Marshall aliandika kwamba mnunuzi halazimiki kumpasha muuzaji habari za namna hiyo. Hapo binamu yako wa Dallas angepiga makofi. Asingesoma mstari unaofuata, ambapo Marshall anasema kila upande uchunge usiseme wala kutenda jambo la kumlaghai mwenzake. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya, ili jopo la raia ndilo liamue kama pale palikuwa na ulaghai.

Na wale walikuwa wafanyabiashara wawili, kila mmoja akijua mwenzake anatafuta faida. Wewe ulikuwa na funguo za nyumba. Uliingia besmenti ile kwa sababu familia ilikuamini kwa mwili wa baba yao, na binti anakuuliza wewe badala ya kumwita mchuuzi wa kadi kwa sababu hiyo hiyo. Panapokuwa na uhusiano wa kuaminiana namna hiyo, mahakama za Marekani hulegea sana kwa muuzaji na kumkazia mnunuzi. Mhudumu aliyenunua mali ya marehemu kwa bei ya kutupa ataulizwa maswali ambayo mchuuzi wa mtaani hataulizwa.

Ngoja nikuoneshe hatari yenyewe ilipo, maana binamu yako hatakuwa pamoja nawe siku hiyo. Kampuni nyingi za kuhudumia wazee huwakataza wafanyakazi kununua au kupokea kitu cha thamani kutoka kwa mteja au jamaa zake. Toa mkataba wako kabatini uusome. Kama una cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa uuguzi, unajua kila jimbo lina daftari la wahudumu, na humo huandikwa pia waliothibitika kuchukua mali ya watu waliowahudumia. Jina likishaingia humo, kazi ya makao ya wazee imekwisha. Na kama bado hujapata uraia, tuhuma ya wizi au utapeli ndiyo ya mwisho unayotaka ofisa wa uhamiaji aikute kwenye faili lako. Kadi kubwa haiuzwi gizani. Itapita kwenye mnada, itapigwa picha, itaandikiwa historia. Siku yule kaka wa Arizona atakapoiona ikiuzwa, ataanza kwa kupiga simu kwa dada yake. Simu ya pili atampigia wakili.

Huyo kaka ndiye ambaye hukumtaja sana, na mimi ndiye anayenishughulisha zaidi. Msimamizi wa mirathi haigawi kama mali yake. Anaisimamia kwa niaba ya warithi wote, na akiuza cha maelfu kwa mia tano bila hata kuuliza, ndugu yake anaweza kumdai. Kwa hiyo ukimwambia binti ukweli unamwepusha na ugomvi ambao hata haujui bado. Huko Defiance, Ohio, mwaka 2012, jamaa waliokuwa wakisafisha nyumba ya babu yao walikuta darini boksi lenye kadi zipatazo 700 za mwaka 1910 hivi, safi kana kwamba zimetoka kiwandani, za nyota wa enzi hizo: Ty Cobb, Honus Wagner, Cy Young. Awamu ya kwanza tu ya mnada ilileta zaidi ya dola nusu milioni. Walioziona kwanza wangeweza kujaza begi wakanyamaza. Walizigawa kwa binamu wote sawasawa.

Kuhusu neno la mzee. Naamini alilisema, na naamini alilimaanisha siku ile. Lakini neno la mdomo la marehemu, lisilo kwenye wosia, likiletwa na mtu aliyekuwa akimvalisha na kumpa dawa, ndilo neno ambalo kila wakili hulitilia shaka kwanza. Usilitoe kama dai. Ukitaka mwambie binti baadaye, baada ya kadi kukadiriwa na hesabu kuwekwa wazi, kama kumbukumbu ya baba yake. Afanye analotaka nalo.

Sasa twende kwenye kadi zenyewe, maana naona umeshapanda bei kichwani.

Kwanza hakikisha ni za kweli. Huyo Aaron namba 128 ni wa kampuni ya Topps, mwaka 1954. Kadi hizo zilikuja na chingamu, kama zile picha tulizokuwa tukigombania shuleni, na zilikuwa kubwa kuliko za leo: upana karibu sentimita 6.7 kwa urefu 9.5. Kipimo cha sasa cha sentimita 6.35 kwa 8.9 kilianza mwaka 1957. Nakupa vipimo hivi kwa sababu mwaka 1994 Topps yenyewe ilichapisha upya seti ile ya 1954, kwa kipimo kidogo cha kisasa na karatasi inayong'aa. Chukua rula. Kama Aaron wako ana upana wa 6.35 na anang'aa kama jarida, mjadala wetu wote ni wa bei ya chakula cha mchana. Kwa kuwa zilikutwa zimefungwa pamoja, mipira imekauka juu yake, mimi naona ni za kweli. Ted Williams wawili pia wananipa moyo: seti ya 1954 ya Topps ina kadi 250, na Williams ndiye namba 1 na ndiye namba 250. Tazama nyuma yao uone kama namba ni hizo. Katika seti hiyo tafuta pia Ernie Banks, namba 94, na Al Kaline, namba 201. Wote wawili, kama Aaron, ndiyo kadi zao za mwaka wa kwanza. Na ukikuta Williams mwingine wa kampuni ya Bowman wa mwaka huo huo, namba 66, keti chini kwanza. Bowman walilazimika kumwondoa Williams mapema na namba hiyo wakampa Jimmy Piersall, ndiyo maana yake ni adimu.

Pili, hali. Hapa ndipo bei ya gari na bei ya nyumba zinapoachana. Kampuni za kupima ubora, PSA na SGC zikiwa zinazojulikana zaidi, huipa kadi alama kuanzia 1 hadi 10 kwa kuangalia pembe, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, kisha huifunga ndani ya plastiki ngumu. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya Topps 1952, namba 311, yenye alama 9.5, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kadi hiyo hiyo, mchezaji yule yule, ikiwa imekunjika na pembe zimelika, huishia kwenye makumi ya maelfu. (Na ile ya milioni 12.6 ilitoka huko huko kwenu Massachusetts, kwenye shehena ambayo mchuuzi Alan Rosen aliinunua kwa familia moja katikati ya miaka ya 1980. Haishangazi kwamba watu wa jimbo lako hawaachi kupekua besmenti.) Kadi za mzee wako zilichezewa na mtoto aliyezipenda. Za juu na za chini katika kila fungu zimeumizwa na mipira; za katikati huenda zimepona. Tarajia alama za chini, ufurahi zikizidi.

Usivute ile mipira kwa nguvu. Ikatwe kwa mkasi mdogo, na kipande kilichogandamana kiachwe hapo hapo mpaka mjuzi akione. Usifute uchafu kwa raba, usipige pasi, na tafadhali usikate ukingo ulioparaganyika ili uwe sawa. Bill Mastro, aliyekuwa mkubwa wa minada ya kadi Marekani, alikiri mwaka 2013 kwamba ile kadi maarufu ya Honus Wagner aliyoiuza ilikuwa imekatwa kingo, na yeye akafungwa kwa udanganyifu wa minada yake. Shika kadi kwa kingo, iingize kwenye mfuko laini wa plastiki, kila moja peke yake, na boksi zitoke besmenti leo. Unyevu wa New England haubembelezi karatasi.

Na zile katoni za 1988 hadi 1990 ambazo hazijafunguliwa, ambazo nadhani ndizo zilizokuvutia kwanza kwa kuwa zinapendeza? Karibu hazina kitu. Miaka hiyo kampuni zilichapisha kadi kwa wingi wa kutisha, kila mtu akaziweka akidhani zitamsomeshea watoto, na kwa kuwa hakuna aliyezitupa, hazijawahi kuadimika.

Sasa swali lako la mwisho, utabaki na nini. Umesema ulimpitia mzee Jumapili bila malipo na kwamba ulilipwa kidogo. Kama unahisi kuna deni, lisemee kwa kampuni iliyokuajiri, iliyokuwa ikitoza familia bei moja na kukupa wewe nyingine. Binti huyo hakukuwekea mshahara, wala haikufai kujilipa kutoka boksi la viatu.

Unachoweza kuomba ni kazi. Mtu lazima azipange kadi zile kwa mwaka na namba, azipige picha mbele na nyuma, aandike orodha, azipeleke kwa wakadiriaji wawili tofauti, alinganishe masharti ya minada. Ni kazi ya wiki nyingi, na binti anayeuza nyumba hana muda nayo. Mwambie utaifanya kwa asilimia kumi ya kitakachobaki baada ya gharama, na msiguse kitu mpaka mambo mawili yamekamilika: karatasi iliyosainiwa na yeye pamoja na kaka yake, na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wako. Mwajiri akikataa, acha. Kuhusu kodi, warithi hawana sababu ya kuogopa sana, kwa sababu kwao faida huhesabiwa kuanzia thamani ya siku mzee aliyofariki. Kwako asilimia zako ni kipato, zitatangazwa IRS, idara ya kodi ya Marekani, kama kipato kingine chochote.

Na kama wakishajua kila kitu bado wanataka kukuuzia wewe? Inawezekana, watu wengine hawataki shughuli. Basi lipa bei inayotokana na ukadiriaji wa maandishi, ndugu wote wawili wasaini, nakala ya ukadiriaji ibaki kwao. Mchuuzi lazima abakiwe na faida, kwa hiyo nusu hadi theluthi mbili ya bei ya sokoni kwa kadi nzuri si dhuluma. Lakini hiyo ni pesa nzito, na nisingependa uikope kwa chama au kwa kadi ya benki ukitegemea alama za PSA ambazo hazijatolewa.

Mwanao anacheza besiboli? Hukusema. Kama anacheza, zile katoni za 1988 hadi 1990 ndizo ungemwomba binti waziwazi akupe kama ukumbusho, kwa maandishi, kadi karibu zote za bei ya chingamu, mtoto azifungue sebuleni mpaka achoke. Ila muulize binti kwanza, na kaka yake pia kwa kuwa zilikuwa zake. Na kabla hazijatoka mlangoni pekueni pamoja yaliyo wazi: ukikuta kadi ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, namba 1, Ken Griffey Jr., irudishe mezani kwao, maana hiyo si ya bei ya chingamu.